Barua kutoka Edinburgh: Waskoti wanawasubiri Waingereza

Edinburgh, Uskoti
Januari 2026

Wapendwa Baba, Mama na ndugu zangu wote wa Free Area,

Nawasalimu sana. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, baridi nayo haijapungua. Pesa za dawa za Mama nimezituma; Baba akague simu yake. Karo ya kitinda mimba wetu itafuata mwisho wa mwezi. Hayo yakishapita, niruhusuni niandike kuhusu raga, kwa sababu hapa nilipo watu hawana habari nyingine, na pia nina ombi kwa Baba ambalo halitaeleweka nisipoanzia mbali kidogo.

Jumamosi ya tarehe 14 Februari, Uskoti itacheza na Uingereza hapa mjini, uwanja wa Murrayfield. Ni mechi ya Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya Uskoti, Uingereza, Wales, Ireland, Ufaransa na Italia. Kwa ratiba ni mechi moja kati ya tano za Uskoti. Kwa watu wa hapa, hiyo ndiyo mechi. Murrayfield unaingiza watu 67,144 na hata hivyo hautoshi. Dereva wa basi ninalopanda alfajiri ameshaniuliza nitakuwa upande gani, na alipojua natoka Kenya akaniambia basi mimi ni Mskoti mpaka Jumapili.

Pale kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, maandalizi yameanza tangu Krismasi. Kuna mzee mmoja aliyekuwepo Murrayfield mwaka 1990, na hadithi yake nimeisikia mara nyingi wala sijaichoka. Mwaka ule timu zote mbili zilifika kwenye mechi ya mwisho zikiwa hazijashindwa, na mshindi angeondoka na kila kitu. Waskoti hawakuwa wakipewa nafasi. Ndipo nahodha wao, David Sole, akawatoa wenzake chumbani wakitembea polepole, hatua moja baada ya nyingine, badala ya kuingia mbio kama ilivyokuwa kawaida. Mzee anasema uwanja mzima ulielewa papo hapo. Kipindi cha pili kilipoanza tu, Tony Stanger akafunga trai, yaani akaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na Uskoti ikashinda 13-7. Mzee huyu siku nyingine husahau kama amekula, lakini matokeo yale na jinsi mpira ulivyodunda mbele ya Stanger havijamtoka.

Mezani pake hukaa bibi mmoja Mwingereza, mzaliwa wa Newcastle, aliyeolewa huku akawa mjane huku. Hao wawili hunywa chai pamoja kila siku ya Mungu. Wiki ya mechi bibi huvaa skafu nyeupe, mzee ya buluu, na chai huendelea. Mimi nimeomba zamu ya Jumamosi hiyo. Wenzangu wengi waliomba ruhusa, nami nataka kuwa pale sebuleni na hao wawili.

Nimejaribu kuelewa kwa nini mechi moja inabeba uzito huu. Majirani hawa wana mfalme mmoja tangu 1603, na tangu 1707 ni nchi moja kwa sheria. Kuvuka mpaka wao ni kupita kibao cha barabarani tu. Hakuna foleni ya malori kama mpakani kwetu Malaba. Wameoana, wamefanyiana kazi, wamezikana. Sasa mahali pa kusema "sisi ni sisi" ni wapi? Nadhani raga imewapa mahali hapo, na wamepatunza. Mechi ya kwanza kabisa ya raga kati ya mataifa duniani ilikuwa hii hii, tarehe 27 Machi 1871, uwanja wa Raeburn Place hapa Edinburgh. Waskoti ndio walioandika gazetini kuwaita Waingereza waje wapimane nguvu. Kila upande ulikuwa na watu ishirini, na mwenyeji alishinda.

Mshindi wa mechi hii huchukua Kombe la Calcutta, na kombe lenyewe lina historia ambayo Mama ataipenda. Kulikuwa na klabu ya raga mjini Calcutta, India. Wanachama walipopungua na wengine kuhamia tenisi na polo, waliobaki wakaamua kuifunga. Hawakugawana akiba. Walitoa rupia za fedha benki, rupia 270, wakaziyeyusha na kufua kombe: mishikio mitatu yenye umbo la swila, na tembo juu ya kifuniko. Linashindaniwa na nchi hizi mbili tangu 1879. Mwaka 1988 wachezaji wawili, mmoja wa kila upande, walitoka nalo usiku mitaani hapa Edinburgh likarudi limebondeka. Hata hilo watu hulisimulia kama habari ya ukoo.

Mwaka jana ndio unaowauma. Uskoti ilikuwa imeshinda mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024, na ushindi wa 2021 ulikuwa wao wa kwanza kule Twickenham, uwanja wa Waingereza jijini London, tangu 1983. Mwaka 2024 mchezaji wao Duhan van der Merwe alifunga trai tatu peke yake hapa Murrayfield. Halafu ikaja 2025, Twickenham, wakashindwa 16-15. Walifunga trai tatu, Waingereza moja, na mateke yote matatu ya nyongeza baada ya trai yakakosa. La mwisho lilikuwa dakika ya mwisho, mpigaji wao Finn Russell akiwa pembeni kabisa mwa uwanja. Lingeingia, wangeshinda. Sebuleni hakuna aliyezungumza mpaka chakula cha jioni. Ndiyo maana Februari hii wanaingoja kwa hamu ya aina nyingine.

Mdogo wangu, wewe unayekwenda mazoezini Nakuru Athletic Club, hii ni yako. Nilienda Melrose. Unapanda treni mpaka Tweedbank, halafu unatembea kando ya mto. Uwanja unaitwa Greenyards, uko chini ya vilima vya Eildon, na mji ni mdogo kuliko Njoro. Hapo ndipo ilipoanzia raga ya wachezaji saba, mwaka 1883. Klabu ilikuwa haina pesa, na muuza nyama mmoja, Ned Haig, akapendekeza wafanye mashindano ya siku moja yenye timu ndogo ili wakusanye viingilio. Nilisimama pale nikafikiria mashindano yetu ya Prinsloo, umati wa Nakuru, vumbi na nyama choma, na nikafikiria Singapore mwaka 2016, Kenya ilipoipiga Fiji 30-7 kwenye fainali, tukalia machozi ya furaha na watu tusiowajua. Yote yalitoka kwenye shamba lile la nyasi. Nilimwambia mzee mmoja aliyekuwa akikata nyasi kwamba natoka Kenya, na jina la kwanza alilotaja ni la mchezaji wetu Collins Injera.

Sasa nirudi kwetu. Mama, wewe ni mtoto wa Lwakhakha. Ukisimama nyumbani kwa babu unaiona Uganda, na mama mkubwa ameolewa huko Mbale. Mwaka huu ni mwaka wa tohara, na Agosti ikifika watu watavuka mto huku na huku kwa ngoma na pombe ya ukoo, kama ambavyo wamevuka tangu kabla ya huo mpaka kuchorwa. Mlima Elgon wenyewe uko pande zote mbili, na kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kiko upande wa akina mama mkubwa. Na sisi tuna kombe linaloitwa kwa jina la mlima huo! Simbas wetu, timu ya taifa ya raga, na Cranes wa Uganda hulichezea nyumbani na ugenini, na wanawake pia wana lao. Ninaposikia Waskoti wakisimulia 1871, nawaza kwamba sisi tuna kila kitu cha kufanya mechi yetu na Uganda iwe kubwa vile vile: ujirani, undugu, na ubishi wa miaka. Kinachopungua ni watu kwenye viti. Wengi wetu tunajua Singapore na hatujui tarehe ya Kombe la Elgon.

Kwa hiyo naomba hivi. Tarehe ikitangazwa, na mechi ikichezwa Kenya, nitatuma nauli na viingilio vya nyumba nzima. Mwiteni ndugu yetu wa Mbale aje alale kwetu siku mbili kabla, avae jezi yake ya Cranes, akae katikati yenu uwanjani. Abishane na Baba njia nzima. Ikiwa ni Kampala, nendeni nyinyi kwao. Watoto wa pande zote mbili wawe na hadithi moja ya kubishania wakizeeka, waseme "mwaka ule, trai ile", kama mzee wangu na bibi wa Newcastle.

Na ombi la pili, Baba, ndilo hili nililolizungukia. Kitinda mimba wetu, binti yako, naye anataka kucheza raga. Ameniambia ulikataa, na najua ulikataa kwa sababu unampenda na unaogopa shingo yake. Woga huo si wa bure. Huu ni mchezo wa kugongana. Lakini Septemba iliyopita fainali ya Kombe la Dunia la raga la wanawake ilichezwa Twickenham, Uingereza na Canada, na watu 81,885 walijaa uwanjani. Niliitazama na bibi wa Newcastle. Uingereza ilishinda 33-13, naye akanishika mkono akasema alipokuwa msichana hakuruhusiwa hata kuugusa mpira ule. Lionesses wetu, timu ya wanawake ya Kenya, wameshafika Olimpiki Rio na Tokyo. Binti yako anaweza kuvuka Malaba siku moja akiwa na jezi ya Kenya.

Nenda naye mazoezini mwenyewe, Baba. Mwulize kocha mambo matatu: anawafundisha lini kukaba na kuanguka, kabla au baada ya kuwaingiza kwenye mechi, je, mtoto akigongwa kichwa anatolewa papo hapo na harudi siku hiyo, na nani anabeba sanduku la huduma ya kwanza. Majibu yakikuridhisha, mruhusu. Kinga ya meno nimeshamnunulia, nitaituma na mtu anayekuja Nakuru mwezi wa tatu. Yasipokuridhisha, tafuta kocha mwingine, wala usimfungie mlango.

Mechi yetu ya tarehe 14 itaanza saa kumi na dakika arobaini jioni kwa saa za hapa, kwenu saa moja na dakika arobaini usiku. Jirani mwenye king'amuzi anajulikana, mwombeni mapema. Kabla ya mpira kuanza, sikilizeni wimbo wa Waskoti: zumari zao za mfuko huanzisha, halafu kwenye ubeti wa pili zinanyamaza na watu wanaimba peke yao. Msizungumze wakati huo.

Nitapiga simu baada ya wazee kulala. Nisalimieni mama mkubwa na jirani zetu wote, na Baba awe na jibu langu siku hiyo.

Wenu mpendwa,
Kifungua mimba wenu