Barua ya wazi kwa vijana wa biolojia wa Bukavu wanaotaka kusomea papa

Wanangu,

Mnauliza njia ya kufikia papa, nanyi mko Bukavu, mbali na Muanda ambako nchi yetu inagusa bahari. Msingoje bahari. Anzeni na sambaza, samaki wadogo wa ziwa lenu.

Sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki mukeke na jamaa zake, wanaowawinda kule, hawakuja nao. Windo lile lile, maziwa mawili, moja bila wawindaji wale: vijana wa pwani wangewaonea wivu. Tena sambaza wakubwa humeza vifaranga vya wenzao, kwa hiyo hata Kivu peke yake mna kazi.

Kazi yenyewe ni kuchunguza matumbo, kujua nani amemla nani. Nunueni samaki alfajiri wavuvi wa taa wanaporudi, muandike saa wavu ulipopandishwa. Samaki aliyekufa huendelea kusaga chakula, basi barafu iwe palepale ufukweni, si nyumbani. Pimeni urefu na uzito, pasueni kuanzia tundu la nyuma hadi chini ya matamvua, mtoe tumbo na kuliweka katika alkoholi ya 70%. Fomalini hukaza nyama vizuri, ila ikiwa na asidi huyeyusha vijiwe vya masikioni mwa samaki. Na nyama ikishasagika, ni vijiwe hivyo vinavyoonyesha aliyemezwa ni nani.

Matumbo matupu yaandikwe pia; anayeyatupa atadhani samaki hushiba kila usiku. Windo lililo zima kooni litilieni shaka: huenda lilimezwa ndani ya wavu.

Kwa papa mitego ni ya aina hiyo hiyo. Midomo ya ngisi ni migumu, hukaa tumboni muda mrefu kuliko samaki, na asiyejua atahesabu ngisi kupita kiasi. Ndiyo maana hupimwa pia naitrojeni-15, aina nzito ya naitrojeni, katika nyama iliyokaushwa kwa nyuzi 60, saa 48: hupanda takriban 3.4 kwa elfu kila ngazi ya kulana. Hiyo haitaji jina la aliyeliwa, na bila kupima mawindo ya mahali palepale haina maana.

Chukueni samaki 30 kila mwezi, miezi 12. Msiruke kiangazi, Juni hadi Septemba: maji huchanganyika na chakula hubadilika. Kuzamia mtajifunza baadaye. Takwimu anzeni sasa.

Mzee wenu