Mama wa stendi ya Kange, asante sana

Jamani kuna mama namtafuta nimshukuru, jina sikumuuliza na hilo linaniuma mpaka leo. Ilikua Jumamosi asubuhi stendi ya Kange hapa Tanga, nasubiri basi niende Muheza kwaya yetu inaimba kwenye harusi, sauti imekauka kabisa yaani nikijaribu ile noti ya juu inakatika, nikakaa pembeni nalia. Yule mama alikua na kapu na chupa ya chai, akanimiminia tangawizi ya moto akasema "mwanangu usilazimishe, shusha mabega, vuta pumzi mpaka tumboni, imba kidogokidogo ka unambembeleza mtoto". Tukaimba wote pale pale kwenye benchi, watu wanatuangalia, mi sijali!

Akanisimulia habari za Bi Shakila, yule mwimbaji wa taarabu, nami nampenda mnoo, alivyoimba na vikundi vya Black Star na Lucky Star vya hapahapa Tanga, na akanambia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa zamani wa Zanzibar, alienda mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili. Mi nlikua najua kwaya tu, sopurano na alto, taarabu nikiisikia redioni kwa bibi kule Ngamiani. Sikuhizi nasikiliza vyote, nasikiliza hasa wanapovutia pumzi.

Muheza niliimba solo yangu mpaka mwisho. Mama, kama unasoma hii, mi yule binti wa sare ya bluu, shikamoo na asante sana, ile chai ya tangawizi napika kila kabla ya mazoezi.