Msimwambie mtu "njoo Jumatatu"

Barua ya wazi kwa vijana wa msaada wa kisheria na ustawi wa jamii, mkoa wa Tanga

Wanangu,

Marahaba kwa shikamoo zenu. Mwaliko niliupata, na rasimu ya pendekezo lenu la mfuko wa fidia kwa watu walioumizwa na wahalifu mjukuu wangu alinisomea barazani jioni mbili mfululizo. Magoti ndiyo yaliyonizuia kupanda ngazi za ule ukumbi, si dharau. Barua hii nimeiacha wazi kwa sababu nyinyi mlioniandikia ni saba tu, na atakayekabidhiwa mfuko huo siku moja huenda si mmoja wenu. Huenda sasa hivi yuko Korogwe au Kilindi anafundisha shule, wala hajui kama kuna mtu anamwandikia.

Kwanza lile neno. Mmeandika "wahanga" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Sisi walimu wetu walituambia mhanga ni anayejitoa mwenyewe, ndiyo maana tunasema kujitoa mhanga. Mtu aliyepigwa panga alfajiri akienda kwenye riziki yake hakujitoa, katolewa. Najua magazeti yote yanaandika hivyo na vita hii nimeshashindwa, lakini kwenye barua yangu mwenyewe nitasema aliyedhuriwa. Tuendelee.

Nilikaa kaunta ya mahakama miaka 31. Ni mahakama ipi, hilo tuliache. Nilikuwa karani: napokea majalada, nakata stakabadhi za faini, nagonga mihuri, natangaza tarehe. Mwaka 2006 akaanza kuja dirishani kwangu mama mmoja wa Makorora, muuza vitumbua. Vibaka wawili walimvamia kabla ya adhana ya alfajiri, karai kichwani, wakitaka hela ya mtaji. Akakinga panga kwa mkono wa kulia. Ule mkono ukiutazama ungesema umepona, lakini vidole vitatu havikukunjika tena, na kitumbua hakigeuzwi kwa vidole viwili. Kibaka mmoja hakuonekana mpaka leo. Wa pili alifungwa miaka 30, na hakimu akaamuru amlipe yule mama fidia ya shilingi 400,000. Watu wakatoka mahakamani wamefurahi. Mama naye akashukuru, kisha akasogea dirishani akaniuliza, "Nizifuate lini, baba?"

Nikamwambia njoo Jumatatu.

Akaja. Alikuwa na PF3 yake, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, ameikunja mara nane, iko ndani ya mfuko wa rambo, na mfuko umefungwa kwenye pindo la khanga pamoja na nauli. Kila akiikunjua, maandishi ya kwenye mikunjo yamefifia zaidi, mpaka jina la daktari likabaki nusu. Wala haikuhitajika tena, maana kesi ilishakwisha. Ila hakuna aliyemwambia, naye akawa anaileta kila mara kama tikiti ya basi. Alikuja mara kumi na moja. Nami tangu siku ya kwanza nilijua kwamba mfungwa yule mali yake yote ilikuwa ndala na kaptula. Sikuwa na ujasiri wa kusema fedha hiyo haipo. Jumatatu ilikuwa njia yangu ya kumwondoa dirishani bila kumtazama usoni.

Mara ya kumi na mbili hakuja. Miaka miwili baadaye nikamwona soko la Mgandini, amekaa chini anamenya vitunguu saumu vya mtu mwingine kwa mkono wa kushoto. Alinisalimia vizuri tu. Mimi ndiye niliyetazama pembeni.

Nawasimulia haya ili mjue ushauri wangu unatoka upande wenye kosa.

Sheria zetu hazikumsahau aliyedhuriwa. Kanuni ya Adhabu inairuhusu mahakama kumwamuru mkosaji alipe fidia, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inaeleza utaratibu, na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, iliyoleta kifungo cha miaka 30 kwa mbakaji, iliweka na fidia juu yake. Tatizo ni kwamba zote zinamwelekeza kwenye mfuko wa mtu aliyempora. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 1957 mama mmoja wa Uingereza, Margery Fry, aliyeshughulika na mambo ya magereza kwa miaka mingi, aliandika gazetini habari za mtu aliyepigwa mpaka akapofuka. Alikuwa amepewa fidia ya pauni 11,500, na waliompiga wakaamriwa walipe shilingi 5 kwa wiki kila mmoja. Fry akasema huyo bwana itambidi aishi miaka 442 mingine ili apokee malipo ya mwisho. Mimi karani, hesabu ya mtu siiamini hivi hivi, nikachukua kalamu. Washambuliaji wawili ni shilingi 10 kwa wiki, yaani nusu pauni kwa fedha yao ya wakati ule. Wiki 23,000. Kweli ni miaka 442.

Kutokana na hoja kama hiyo New Zealand ikaanza kuwalipa watu kwa fedha ya serikali mwaka 1964, Uingereza ikafuata mwaka huohuo, California ikatunga sheria yake 1965. Umoja wa Mataifa ulikuja kutoa azimio mwaka 1985 kwamba mkosaji asipoweza kulipa yote, serikali ijitahidi kumlipa aliyeumizwa vibaya na familia ya aliyeuawa. Hata hapa ng'ambo ya Horohoro, Wakenya walitunga sheria ya kuwalinda waliodhuriwa mwaka 2014, na ndani yake kuna mfuko. Nauli ya Mombasa mnaimudu. Nendeni mkawaulize fedha inaingiaje humo na inatokaje, msitosheke na kusoma sheria.

Sasa nije kwenye rasimu yenu. Ibara ya tatu inasema aliyedhuriwa atalipwa "baada ya hukumu". Ifuteni.

Mnajua wenyewe kesi zetu. "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Nimeyaandika maneno hayo kwenye majalada mpaka mkono ukawa unayaandika peke yake. Mtu atakaa anasubiri hukumu huku jeraha linatunga usaha na mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule. Na yule kibaka wa kwanza, aliyekimbia? Wangekimbia wote wawili, mama wa vitumbua asingelipwa kamwe kwa ibara yenu. Waingereza hawangoji mtu afungwe wala akamatwe. Wanataka tukio liwe limeripotiwa polisi mapema, kisha wanapima ushahidi kwa mizani ya kesi ya madai, ambayo hutosheka upande mmoja ukizidi uzito, si ya jinai. Lipeni nyinyi kwanza. Halafu mfuko ndio umdai mfungwa wa Maweni, miaka hiyo 30 mnayo. Muuza vitumbua hana muda huo wala miguu hiyo.

Najua atasimama mtu wa hazina aseme watu watajikata wenyewe wapate hela. Watakuwapo. Niliwahi kupokea madai ya baiskeli iliyoibwa kwa mtu ambaye baiskeli yenyewe alikuwa ameiegesha nje ya mahakama. Lakini msiwatese watu mia kwa ajili ya mjanja mmoja. Taarifa ya polisi ina namba, chumba cha majeruhi pale Bombo kina rejista. Afisa wa mfuko ndiye azifuate, si mgonjwa. Msidai PF3 halisi iletwe mkononi, msidai barua tatu za mwenyekiti wa mtaa. Fomu ikizidi kurasa mbili, jueni kishoka ameshapata ajira getini kwenu: atawajazia watu fomu kwa nusu ya fidia, na baada ya miezi sita atakuwa na mtu wake ndani. Hivi ndivyo ofisi zinavyooza, kwa fomu ndefu.

Kuna jambo jingine nimelitafuta kwenye rasimu sikulikuta, nikajua mmeliona aibu. Mke aliyevunjwa taya na mumewe mtamlipa? Mtoto aliyeharibiwa na mjomba anayelala chumba cha pili? Waingereza walipoanza 1964 waliwaacha nje watu waliodhuriwa na mtu wanayeishi naye nyumba moja. Wakageuza kanuni mwaka 1979, lakini kwa matukio ya baadaye tu. Walioumizwa utotoni kabla ya hapo waliendelea kufungiwa mlango mpaka mwaka 2019, baada ya kwenda mahakamani. Miaka 40, wanangu, kwa sentensi moja iliyoandikwa vibaya na watu wenye nia njema. Hoja yao ilikuwa ya kikarani: tutajuaje kama ni kweli, na hiyo hela si itaishia kwa huyohuyo mpigaji? Hapa kwetu tutasema kwa lugha yetu: mambo ya ndani, yakamalizwe na wazee. Mimi ni mmoja wa hao wazee. Nimekaa vikao hivyo barabara zote za Ngamiani, na nawaambia mara nyingi tulichomaliza ni kelele tu. Mwiteni mpokeaji pembeni, mfungulieni laini ya simu yake mwenyewe, fedha iingie humo. Haya ni mambo ya utaratibu, na utaratibu ndiyo kazi yenu.

Fedha itoke wapi, sitakaa sana hapo, mnao wachumi. Marekani walifungua mfuko wao 1984 wakaujaza faini za wahalifu wa mahakama za serikali kuu, bila kodi ya mwananchi. Wazo tamu. Ila waendesha mashtaka walipozoea kumalizana na makampuni makubwa kabla ya hukumu, ile hela ikawa inapita mlango mwingine, mfuko ukapungua, na mwaka 2021 ikabidi warekebishe sheria. Faini za huku kwetu nimezipokea kwa mikono hii, nyingi hazifiki bei ya gunia la mchele. Ombeni zigawiwe mfuko, ndiyo, lakini ombeni na fungu lenye jina lake kwenye bajeti. Na mkiambiwa nchi maskini haiwezi, wakumbusheni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa michango ya waajiri. Leo kijana akikatwa vidole na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, shambani, ana pa kwenda. Akikatwa vidole hivyohivyo na kibaka akitoka harusini, aende wapi?

Viwango vyenu vya malipo vina ngazi saba, na ya chini mnataka kuifuta kwa kuwa "haina tija". Msiifute. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mtu aliyevunjiwa mlango usiku wiki ya kwanza anataka kitasa, dawa, na nauli ya kwenda kliniki. Tengeni malipo ya haraka ya hivyo vitu, yatoke ndani ya siku chache kwa saini ya afisa mmoja, na hesabu kubwa ije baadaye. Viwango vilivyopangwa jeraha kwa jeraha, kama wafanyavyo Waingereza tangu 1996, vinaharakisha kazi na vinapunguza upendeleo. Ila acheni nafasi ya kuuliza mtu huyu anakula kwa kiungo kipi. Vidole vitatu vya karani wa kuandika kwa kushoto na vidole vitatu vya muuza vitumbua si mali moja.

Na wewe utakayekaa kiti cha juu, neno lako ni hili. Utapewa gari, utapewa ofisi yenye kiyoyozi ghorofani, na watu wote wa chini watakuambia mambo yanakwenda. Shuka. Siku moja kila wiki ukae dirishani mwenyewe, bila kutangaza, upokee madai kwa mkono wako. Utaona ni nani amepandishwa ngazi kwa mguu mbovu, nani ameulizwa mbele ya foleni alibakwa vipi, kwa sauti. Hayo hayamo kwenye taarifa ya robo mwaka. Ofisi iwe chini, na chumba cha kuulizia kiwe na mlango.

Kukataa nako mjifunze. Wengi mtawakatalia, kwa haki kabisa. Wakatalieni kwa maandishi, siku hiyohiyo mlipoamua, sababu ikiwa kwa Kiswahili ambacho shangazi yangu angekielewa, pamoja na mahali pa kukata rufaa na tarehe ya mwisho. Mtu akiambiwa "hapana" leo analia, kesho anatafuta mlango mwingine. Yule mama nilimlia Jumatatu kumi na moja, na Jumatatu kumi na moja ni mtaji wa unga na mafuta ambao angeuza kwa mkono wowote uliobaki.

Rasimu ya fomu mkishaichapa, mleteni kijana mmoja Ngamiani aniachie nakala mbili. Moja nitaisoma. Ya pili nitaijaza kwa mkono wa kushoto, nione inachukua muda gani.

Mzee wenu,
karani mstaafu, Tanga