Jumamosi: daftari, penseli na swali la Livingstone

Habari za jioni, walimu na wazazi wenzangu. Jumamosi saa tatu asubuhi tunakutana barazani kama kawaida. Kila mtoto wa darasa la tatu aje na daftari na penseli.

Wiki iliyopita watoto watatu walinihakikishia kwamba David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti, alifia hapa hapa Bagamoyo. Sikuwakosoa. Nikawauliza tu, "Umejuaje?" Mmoja kaambiwa na babu, wa pili eti kaliona kaburi (!), wa tatu akanyamaza. Basi somo letu ni hilo. Watatafuta kitabuni, waanzie kwenye yaliyomo, si kufunua kurasa ovyo kama wanavyopenda. Watakuta kwamba alifariki 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, kina Chuma na Susi, wakaubeba mwili wake mpaka pwani, ukafika hapa Februari 1874, ukalazwa kwenye Misheni ya Kikatoliki kabla ya kuvushwa Unguja. Kwa hiyo babu naye hakuwa mbali sana.

Kisha kila mmoja aandike sentensi mbili kwa maneno yake mwenyewe, na chini aseme amepata wapi: kitabu gani, ukurasa gani, au kwa nani. Tafadhali msiwaandikie! Mara iliyopita niliona mwandiko mzuri mno kwa mtoto wa miaka minane.

Mwenye atlasi aje nayo, tunayo moja tu na inagombaniwa. Chai na mihogo nitaleta mimi, vikombe kila mtu na chake.