Ahadi ya mwaka mmoja kwenye pakiti za mbegu za mianzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya ukurasa wenu wa bustani iliyowashauri wasomaji wanaotaka kujisitiri na macho ya majirani wanunue mbegu za mianzi, wazipande kando ya uzio, kisha wasubiri mwaka mmoja wapate ukuta wa kijani. Mimi nimeotesha mianzi kwa mbegu na huu ni mwaka wa saba. Daftari la vipimo ninalo. Ile ahadi ya mwaka mmoja si kweli, na naandika kwa sababu niliwahi kuiamini ilipokuwa imechapwa kwenye pakiti.

Nilikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipoanza kuchoka. Mume wangu alipopata kiharusi, tuliambiwa akae nje kila asubuhi na ajizoeze kutembea. Sehemu pekee ya ua wetu inayopata jua la asubuhi inatazamana na madirisha mawili ya ghorofa ya jirani. Jirani hana kosa, amejenga kwenye kiwanja chake. Lakini mtu mzima anayejifunza upya kuinua mguu hapendi kutazamwa, na mume wangu akaanza kukataa kutoka ndani. Nikahitaji kitu kirefu, chepesi, kinachochukua ardhi kidogo na kisichozuia upepo. Kwa mahitaji hayo sijaona mmea unaoupita mwanzi.

Pakiti ya kwanza ilikuwa na picha ya mianzi myeusi inayong'aa. Ndani mlikuwa na mbegu 50. Ziliota saba, nikazilea kama yai, na mwezi wa nne zikatoa masuke. Zilikuwa nyasi za kawaida za kando ya njia. Msimu mzima ukawa umekwenda, na mume wangu bado yuko ndani.

Kuna jambo moja ambalo lingeniokoa na hasara ile, na makala yenu haikuligusa kabisa. Mwanzi ni jamaa ya nyasi, na kwa mianzi mingi mbegu inafanana na punje ya mpunga au ya shayiri. Lakini nyasi nyingine hutoa maua kila mwaka, ilhali spishi nyingi za mianzi hukaa miongo mingi bila kuchanua, kisha huchanua kwa pamoja, hutoa mbegu, na mara nyingi hufa. Melocanna baccifera huchanua takriban kila baada ya miaka 48. Phyllostachys bambusoides huchukua kama miaka 120. Mwanzi mweusi wa kwenye picha ile, Phyllostachys nigra, ni ndugu wa karibu wa huyu wa miaka 120, nao huchanua kwa nadra mno. Sasa mtu anawezaje kuwa na mbegu zake mwaka mzima, pakiti kwa mamia? Na ule mwanzi wa njano wenye michirizi ya kijani, Bambusa vulgaris, ambao watu wengi huupenda bustanini, kwa kawaida hautoi mbegu. Huenezwa kwa vipande vya shina. Anayekuuzia mbegu zake anakuuzia kitu kingine. Pakiti zenye picha za mianzi ya waridi na ya zambarau sizizungumzii.

Hata mbegu iliyo ya kweli haina subira. Mbegu za mianzi mingi hupoteza uhai ndani ya miezi michache zisipohifadhiwa kwenye ubaridi na ukavu. Mwezi wa kuvunwa una uzito kuliko picha yoyote, na mara ya pili nilimtafuta muuzaji aliyeuandika. Aliandika na jina kamili la spishi: Dendrocalamus strictus, mwanzi wa asili ya kusini mwa Asia, unaokua kwa kichaka na kustahimili ukame. Nilinunua mbegu 100.

Nililoweka mbegu kwa saa 24 kwenye maji ya kawaida. Udongo niliuchekecha, nikachanganya na mboji iliyoiva na mchanga, nikazifukia kina kisichozidi sentimita moja, na trei nikaiweka kwenye kivuli chepesi. Ya kwanza ilitokeza siku ya tisa, ya mwisho siku ya 23. Ziliota 58. Mitatu kati ya miche hiyo ilikuwa myeupe pe, haina rangi ya kijani, na ikafa ilipomaliza akiba ya punje. Wanaootesha mianzi wanaijua hali hiyo, wala si kosa la mtunzaji. Kumi na minne iliondoka kwa kinyaushi, ule ugonjwa wa kuoza shina la mche kwenye unyevu, na hapo kosa lilikuwa langu, maana nilimwagilia jioni na trei ikalala na maji. Tangu nilipohamia kumwagilia asubuhi kwa maji machache, haukuanguka mwingine. Mitano iling'olewa na mjukuu wangu aliyekuja kunisaidia kupalilia. Mtoto hana lawama, kwani mche wa mwanzi ukiwa na majani mawili hautofautiani na gugu. Wekeni alama kwenye kila mche. Nilibaki na 36, nikaihamishia kwenye viriba ilipofikisha majani manne.

Sasa nije kwenye huo mwaka mmoja, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotoshwa kwa kutumia jambo ambalo lenyewe ni la kweli. Makala ilisema mwanzi unaweza kurefuka sentimita 91 kwa siku. Ni kweli, zipo spishi ambazo machipukizi yake yamepimwa yakifikia hapo. Lakini chipukizi hilo linatoka kwenye kichaka kikubwa kilichokomaa, chenye matunguu, yaani mashina ya chini ya ardhi, yaliyolimbika akiba kwa miaka. Mche wa mbegu hauna akiba hiyo.

Mwanzi haukui kama mti. Mti ukiupanda mwembamba, shina lilelile hunenepa na kurefuka mwaka hadi mwaka. Mwanzi hutoka ardhini ukiwa na unene wake wote. Unarefuka kwa miezi miwili au mitatu, unafungua matawi na majani, basi. Hautaongezeka tena unene wala urefu mpaka siku utakapokufa. Kichaka kinachokua ni kile kinachotoa machipukizi mapya, kila kizazi kikiwa kinene na kirefu kuliko kilichotangulia. Mche wa mbegu huanza na shina jembamba kama uzi. Hilo halitakuwa pazia kamwe. Halitakuwa pazia hata la pili wala la tatu. Kazi ya yale ya mwanzo ni kulisha matunguu, na ndiyo maana mtu asiyakate kwa kuona ni membamba.

Nilikuwa nikipima kwa utepe wangu wa ushonaji, wa sentimita 150. Mwisho wa mwaka wa kwanza, shina refu kuliko yote lilikuwa sentimita 46, na unene wake kama njiti ya kiberiti. Mwaka wa pili, sentimita 110. Mwaka wa tatu utepe haukutosha, nikapima kwa kuukunja: 190. Mwaka wa nne, mita 2.8. Mwaka wa tano machipukizi yalitoka na unene wa kidole gumba, na marefu kati ya hayo yalifika mita 4.1. Madirisha ya jirani yanaanzia mita 3.6. Kwa hiyo ilikuwa miaka mitano, kwa maji ya uhakika, samadi na matandazo mazito, kwenye spishi inayopenda joto na jua la hapa kwangu. Mahali pa baridi, au kwa mwanzi wa aina nyingine, hesabu inaweza kuwa ndefu zaidi.

Miche ya mbegu haifanani, nalo hilo lisemwe. Katika ile 36, mingine ilisimama wima, mingine ililala kama nyasi ndefu, na mingine ilitoa matawi mengi chini na machache juu. Nilichagua 12 iliyosimama wima, nikaipanda kwa mstari, mita 1.2 kutoka mche hadi mche. Anayetaka ukuta ulionyooka kama uliokatwa kwa mkasi hataupata kwa mbegu. Mimi naupenda huu wa kwangu, ambao kila kichaka kina sura yake. Dosari ya spishi yangu ni kwamba kiangazi kikikaza hupukutisha majani mengi na pazia linabaki na matundu, kwa hiyo miezi hiyo naimwagilia bila kuacha.

Kuna neno zito zaidi ambalo makala haikulitaja. Kuna mianzi inayokaa kwa kichaka na kuna inayotambaa. Ya kichaka, kama Dendrocalamus, Bambusa na Fargesia, ina matunguu mafupi, na kichaka hupanuka kidogokidogo. Inayotambaa, kama jamii ya Phyllostachys, hupeleka matunguu marefu chini ya udongo, na mwanzi uliokomaa unaweza kusogea mita kadhaa kwa mwaka. Dada yangu alipanda kando ya uzio miche iliyotokana na pakiti isiyo na jina la spishi. Miaka mitatu ilimpendeza. Mwaka wa nne machipukizi yakatokeza upande wa pili, katikati ya njia ya vigae ya jirani yake, na vigae vikainuka. Walichimba siku nyingi, na ule ujirani wa kuazimana ngazi na toroli haujarudi.

Anayepanda mianzi inayotambaa achimbe kwanza mfereji wenye kina cha sentimita 60 hadi 75, asimamishe ndani yake plastiki nene ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na aiache itokeze juu ya udongo kama sentimita tano ili aone tunguu linapojaribu kuvuka. Kila mwaka akague na kukata. Mtu asiye tayari kukagua kila mwaka apande ya kichaka. Kwenye mche mdogo jina pekee ndilo litakalokujulisha ni ya aina gani, maana tabia ya kutambaa huonekana baadaye, ukiwa umeshachelewa.

Msomaji anaweza kudhani nawakatisha watu tamaa na mbegu. Sivyo. Anayetaka kujisitiri upesi anunue vipande vya kichaka kilichogawanywa, vyenye matunguu manene na machipukizi yake. Vikitunzwa, miaka miwili au mitatu yaweza kutosha. Lakini mbegu ina kitu ambacho kipande hakina. Kipande kina umri wa mama yake. Mwaka 1907 mkusanyaji mimea Mwingereza Ernest Wilson aliupata huko China mwanzi mmoja wa milimani ambao baadaye ulipewa jina la binti yake Muriel, Fargesia murielae. Ulipendeza mno, ukagawanywa na kugawanywa tena, bustani za Ulaya zikajaa. Miaka ya 1990 mianzi ile ikachanua nchi baada ya nchi, na mingi ikafa. Watu walioitegemea kwa faragha waliona uzio wote wa mianzi unakauka. Chini ya mashina makavu zilidondoka mbegu, na kutokana na mbegu za uchanuaji wa spishi hiyo kikaja kizazi kipya, ukiwemo mwanzi mfupi mnene unaouzwa duniani kote kwa jina la Simba. Kila mche wa mbegu unaanza kuhesabu upya. Vichaka vyangu 12 vina miaka saba, kwa hiyo natarajia mimi nitaviacha kabla havijaniacha. Anayenunua vipande amwulize muuzaji kichaka mama kilitoka wapi na kama kimewahi kuchanua.

Ndugu Mhariri, ninaloomba ni sahihisho katika ukurasa uleule wa bustani, tena kabla watu hawajaanza kupanda. Liseme kwamba pazia la mianzi ya mbegu ni kazi ya miaka minne hadi saba, na mingine huchukua zaidi. Liwaambie wasomaji wakatae pakiti isiyo na mambo matatu: jina kamili la spishi, mwezi na mwaka wa kuvunwa, na neno moja la kusema kama ni ya kichaka au inatambaa. Wauzaji waaminifu wanaandika hayo tayari. Niliyempata mimi aliandika yote kwa mkono, kwenye bahasha ya kawaida isiyo na picha.

Na waliokwisha kupanda kwa kuamini makala wasiing'oe miche, ila wasikae wakingoja. Mimi nilishona pazia la turubai mwaka ule wa pakiti ya kwanza, na mume wangu akatoka nje asubuhi iliyofuata. Lilitumika miaka sita, tukalishusha mianzi ilipolipita. Pindo zikunjwe mara mbili na kushonwa kwa uzi wa nailoni, kwa sababu uzi wa pamba huoza ukikaa nje. Pete za chuma ziwekwe kila baada ya sentimita 40, juu na chini. Katikati likatwe matundu machache ya nusu duara yenye upana wa kiganja, upepo upite, la sivyo dhoruba ya kwanza italing'oa pamoja na nguzo. Nguzo zisimame ndani ya kiwanja chako, upande wa miche ambako jua la asubuhi halitokei, nusu mita kutoka kwenye mstari wake, ili turubai lisiinyime jua hilo.

Wenu,
Fundi cherehani mstaafu