Saa za kale za Lamu zitundikwe zikitembea

Mhariri,

Kila inapozungumzwa habari ya kukusanya saa za kale za Lamu katika chumba kimoja ili watu waje kuzitazama, kinachotangulia kutajwa ni kabati la kioo. Sisi twasema utangulie ukuta.

Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa. Hazikunyooka, hunyonya unyevu wenye chumvi, na vumbi la chokaa halikatiki. Saa ya pendula, ile yenye uzito unaobembea, ikitundikwa hapo kwa msumari mmoja, anayeitia ufunguo huisogeza kidogo bila kujua, na baada ya dakika chache inasimama. Watu husema kamani, yaani springi ya kuiendesha, imekatika, nayo haina kosa lolote. Kwa hiyo funga kwanza ubao mkavu, uache upenyo wa vidole viwili nyuma yake upepo upite. Tundika saa, isukume pendula, kisha funga macho usikilize. Tik na tak zipishane kwa nafasi sawa. Ikichechemea, tik-tak, kimya, tik-tak, sogeza chini ya sanduku kushoto au kulia mpaka mlio ulingane, ndipo ukaze skrubu mbili za chini.

Kuna na hili la ikweta. Saa iliyorekebishwa London ikiletwa huku bila kuguswa huchelewa zaidi ya dakika 2 kwa siku, kwa kuwa mvuto wa dunia huku ni mdogo kidogo. Mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer aliligundua jambo hilo Cayenne, karibu na ikweta kule Amerika Kusini, mwaka 1672. Pendula ya kupiga sekunde London ina urefu wa milimita 994 hivi. Hapa yataka 991. Kwenye saa fupi ya ukutani, yenye pendula ya sentimita 25, milimita 1 ya urefu huo ni karibu dakika 3 kwa siku. Basi nati iliyo chini ya pendula izungushwe robo, usubiri siku nzima, ndipo uiguse tena. Ukiipandisha, saa inakimbia.

Mafuta ya nazi yasikaribie kabisa! Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakikaa huiotesha shaba kutu ya kijani. Tumia mafuta ya saa, tone la ukubwa wa kichwa cha pini kwenye kila tundu la mhimili. Meno ya magurudumu yaachwe makavu: mafuta hapo hushika vumbi yakawa kama msasa. Saa ambayo mihimili yake imelika isitiwe ufunguo, na ibandikwe kijikaratasi cha kueleza sababu.

Tungependa pia saa moja ifuate hesabu ya magharibi, jua likitua iwe saa 12 kamili, mtoto wa madrasa aione na kuisikia. Saa ya serikali hufuata longitudo ya 45, nasi tuko karibu na 41, magharibi yake, kwa hiyo kwa wastani jua hutuchelewea; tena mwendo wake haulingani mwaka mzima: hufika utosini saa 6 kamili mwanzoni mwa Novemba, na saa 6 na nusu katikati ya Februari. Magharibi nayo husogea hivyo hivyo, na saa hiyo itahitaji kurekebishwa kila baada ya siku chache. Ikiwa ni ya kugonga, akrabu zisirudishwe nyuma, maana wenzo wa kugongea huweza kupinda. Isimamishe pendula, ungoje wakati uifikie.

Mafundi saa,
Langoni, Lamu