Jenereta ya pili pekee haiondoi giza hospitalini

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lenu bila kuandika, lakini ile habari ya hospitali iliyonunuliwa jenereta ya pili imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu alipoambiwa wagonjwa hawatakaa gizani tena, alikubali tu. Hakuuliza kama jenereta hizo ziko chumba kimoja, zinanyonya tangi moja, au zinawashwa na betri moja.

Nimefanya kazi ya stima hadi nikastaafu. Jenereta ikishawaka, bado inapaswa kubeba mzigo, kisha ingurume saa baada ya saa hadi stima irudi, na kila hatua ina kifaa chake cha kuiangusha. Mwaka jana mke wangu alilazwa hospitali fulani, stima ikapotea usiku. Jenereta iliwaka papo hapo. Haikupita nusu saa, ikakohoa na kuzima. Tangi kubwa la nje lilikuwa limejaa dizeli, lakini pampu ya kuipeleka kwenye tangi dogo la jenereta ilikuwa imeunganishwa na stima ileile iliyopotea! Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akipumua kwa mashine ya oksijeni. Wauguzi walimbadilishia mtungi wakimulika kwa simu. Aliyechora mfumo ule aliwaza dakika ya kwanza tu, na waliopitisha mchoro hawakumuuliza saa ya pili itakuwaje.

Kule kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima, Japani, Machi 11, 2011, tetemeko lilikata umeme na jenereta za dharura zikawaka vizuri. Chini ya saa moja baadaye tsunami ikaingia, nyingi zikafurika vyumba vya chini. Mbili hazikuguswa na maji, lakini paneli zake za swichi zilizama, zikawa bure. Iliyoendelea kufanya kazi ni moja tu, ya mtambo wa sita, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa mahali pa juu. Ndiyo iliyookoa mtambo wa tano na wa sita.

Na mafundi wa hospitali nao wametupwa. Pesa za mashine mpya na za kukata utepe hupatikana, za filta na betri hazipatikani, na fomu za majaribio hutiwa sahihi ofisini, mashine haijaguswa.

Napendekeza hivi: Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, saa mbili usiku, upasuaji ukiwa umekwisha na mitungi ya oksijeni iko tayari, swichi kuu izimwe kwa saa nne. Msimamizi wa hospitali awepo mwanzo hadi mwisho. Nanyi mtume mwandishi, mchapishe kilichozima na saa kilipozima.

Fundi mstaafu,
Mombasa